Zamzam: Kisima na Watunzaji Wake

(Hotuba kwa mahujaji watarajiwa na jamaa zao, Tanga. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Masheikh wetu, wazee wangu, mama zangu, na ninyi ndugu mlioandikiwa safari ya mwaka huu: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waliotangulia wameshawaeleza nguzo za Hija, wajibu na sunna zake, na habari za pasipoti na chanjo. Mimi nimeachiwa maji. Nilipoambiwa nizungumzie Zamzam nikaona nimepewa kazi nyepesi, maana nani hapa haijui Zamzam? Hujaji akirudi tunakwenda kumpa mkono, tunaletewa tende na kikombe cha kahawa chenye maji nusu, tunaelekea kibla, tunanuia, tunakunywa. Mgonjwa akizidiwa, anayemuuguza humdondoshea ulimini. Wengine humu ndani wana sanda kabatini, zilizochovywa Zamzam kulekule Makka, zikaanikwa, zikakunjwa, zinangoja siku yake. Kwa hiyo maji tunayajua. Kisima chenyewe ndicho hatukijui sana.

Neno langu leo ni moja. Kisima kile kilitoka kwa Mwenyezi Mungu, lakini tangu saa ya kwanza kilihitaji mtu wa kukitunza. Watunzaji walipokuwa wema, watu walikunywa. Watunzaji walipoharibika, kisima kilipotea, hata mahali kilipokuwa pakasahaulika kabisa.

Tuanze na Bi Hajar, maana ndiye mtunzaji wa kwanza.

Kisa tunakipata kwa Ibn Abbas, katika Sahihi ya Bukhari. Nabii Ibrahim alimleta Bi Hajar na mwanawe Ismail, naye bado ananyonya, akawaweka chini ya mti mkubwa karibu na ilipo Nyumba, yaani Kaaba. Siku hizo Makka haikuwa na mtu wala maji. Akawaachia mfuko wa tende na kiriba cha maji, akageuka, akashika njia. Bi Hajar akamfuata nyuma: "Ewe Ibrahim, unakwenda wapi, unatuacha katika bonde hili lisilo na mtu wala kitu?" Akamuuliza tena na tena, mzee hageuki. Mwisho akamuuliza: "Ni Mungu aliyekuamrisha?" Akasema: "Ndiyo." Bi Hajar akasema: "Basi hatatupoteza." Akarudi kwa mwanawe.

Ibrahim alipofika mahali wasipoweza kumwona, akainua mikono akaomba dua ile ya Sura Ibrahim, aya ya 37, ya kwamba amewaweka baadhi ya kizazi chake katika bonde lisilo na mimea, penye Nyumba takatifu. Ikumbukeni dua hiyo mkifika. Mtakuta marumaru, viyoyozi na mahoteli yanayofunika anga, mtasahau kabisa kwamba mmesimama bondeni. Tazameni milima ilivyo mikavu, ile inayochungulia nyuma ya majengo. Hiyo ndiyo Makka aliyoiona Bi Hajar.

Maji ya kiriba yakaisha. Maziwa yakakauka. Mtoto akawa anagaagaa, na mama hakuweza kustahimili kumtazama. Akapanda Swafa, akaangaza macho, hakuona mtu. Akashuka, alipofika bondeni akainua upindo wa nguo yake akakimbia mbio za mtu aliyeelemewa, mpaka akalivuka bonde, akapanda Marwa. Hakuona mtu. Akafanya hivyo mara saba. Mtume (s.a.w.) akasema hiyo ndiyo sababu ya watu kwenda baina ya milima hiyo miwili.

Hapo pana jambo huwa linanifurahisha. Katika njia ya sa'yi, yaani huo mwendo wa baina ya Swafa na Marwa, mtaona taa za kijani zinazoonyesha lilipokuwa bonde. Wanaume wakifika pale hukimbia mwendo wa mchakamchaka, wanawake hutembea kawaida. Aliyekimbia alikuwa mwanamke, na waliokabidhiwa mbio zake ni wanaume. (Kicheko.) Basi baba zangu, mkifika pale msione haya. Mnafuata nyayo za mama, na safari zote saba ni karibu kilomita tatu, kwa hiyo anzeni mazoezi sasa, msingoje Dhulhija.

Tuendelee. Mara ya mwisho, akiwa juu ya Marwa, alisikia sauti. Akajiambia mwenyewe, "Nyamaza!", apate kusikiliza vizuri. Akaisikia tena. Akasema: umenisikilizisha, basi kama unao msaada tusaidie. Akatazama, akamwona malaika mahali pa Zamzam anachimba kwa kisigino chake, au kwa bawa lake, mpaka maji yakatokea.

Wahadhiri wengi hukomea hapa. Maji yametoka, takbiri, tumekwisha. Mimi naomba tubaki pale kisimani kidogo, kwa sababu linalofuata ndilo hasa lililonileta.

Bi Hajar alifanya nini alipoyaona maji? Hadithi inasema alianza kuyazungushia kingo kwa mkono wake, na huku anayateka kwa viganja anatia kiribani, nayo yanabubujika kila anapoteka. Mtume (s.a.w.) akasema: Mungu amrehemu mama yake Ismail, lau angeiacha Zamzam, au lau asingeteka, Zamzam ingekuwa chemchemi inayotiririka. Wapo wanaosikia lawama katika maneno hayo. Mimi siisikii, maana maneno yameanza kwa kumwombea rehema. Ninachokiona ni mama mwenye kiu, amekaa mchangani, anajua fika kwamba mchanga wa jangwa hunywa maji kuliko mtu. Muujiza umekuja, naye akautengenezea hodhi kwa udongo na mikono yake. Na kwa hodhi lile Zamzam ikawa kisima. Mto hupita zake, kila mtu atauchota atakapoukuta. Kisima kina mdomo mmoja, na mdomo ule hautaki kuachwa bila mtu.

Haukupita muda wakaja watu. Kundi la Jurhum, kabila lenye asili ya Yemen, lilitua upande wa chini wa Makka. Wakaona ndege anazunguka juu angani. Wakaambizana: ndege huyu anazunguka penye maji, na sisi bonde hili tunalijua, halina maji. Wakatuma mjumbe mmoja au wawili, wakarudi na habari. Wote wakaja, wakamkuta mama yake Ismail amekaa penye maji. Wakamwambia: "Unaturuhusu tukae karibu nawe?" Akasema: "Ndiyo, lakini hamna haki katika maji." Wakasema: "Sawa."

Hebu litazameni hilo. Mwanamke mgeni, peke yake, na mtoto mchanga. Mbele yake kabila zima, na wanaume wao, na ngamia wao. Wangeweza kumsukuma pembeni wakachukua kisima mchana kweupe, na hakuna ambaye angejua. Wao wakaomba ruhusa. Naye hakuwafukuza, kwa sababu, kama hadithi inavyosema, alipenda kuwa na watu. Hakuwauzia. Wala hakuwapa kisima. Wakae na wanywe, lakini amana ya maji itabaki kwake na kwa mwanawe. Mji wa Makka, huu ambao leo mamilioni wanauelekea mara tano kwa siku, ulianza na makubaliano hayo ya maji, na mwenye kuweka sharti alikuwa mama anayenyonyesha. Ismail akakulia kwa Jurhum, akajifunza Kiarabu kwao, akaoa kwao.

Sasa tuvuke karne nyingi. Usimamizi wa Nyumba ukawa mikononi mwa Jurhum, na wanahistoria wa Makka wanasimulia kwamba walibadilika. Wakala mali zilizoletwa kwa ajili ya Kaaba, wakawadhulumu wageni. Watu wa kabila la Khuza'a wakawashinda na kuwatoa mjini. Wakati wa kuondoka, Mudad bin Amr wa Jurhum akavitia kisimani swala wawili wa dhahabu, mapanga na deraya, akakifukia, akasawazisha ardhi. Kisha wakaenda zao. Kizazi kikapita, kikafuata kingine. Watu wa Makka wakawa wanachimba visima huku na huku, na mahujaji wananyweshwa kutoka mahodhi ya ngozi, na Zamzam iko chini ya miguu yao, wanaikanyaga kila siku wakienda kuyachinjia masanamu yao.

Mara nyingi tunasema Zamzam haijawahi kukatika tangu ilipotoka. Tunasema kwa mapenzi, lakini siyo sawa. Ilikatika kwa watu, kwa muda mrefu sana, kwa mikono ya waliokabidhiwa. Maji yalikuwepo chini. Mtu wa kuyatunza ndiye aliyekosekana.

Mtu huyo akaja kupatikana: Abdul-Muttalib, babu yake Mtume wetu. Amelala katika Hijri, kando ya Kaaba, akajiwa ndotoni akaambiwa: "Chimba Tayba." Tayba ni nini? Kimya. Usiku wa pili: "Chimba Barra." Usiku wa tatu: "Chimba Madhnuna." Usiku wa nne: "Chimba Zamzam." Akapewa na alama: baina ya kinyesi na damu, penye kichuguu cha sisimizi, mahali kunguru mwenye mguu mweupe atakapodonoa. Asubuhi akachukua sululu, akatoka na mwanawe Harith, maana wakati huo alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu. Alama zikamfikisha baina ya masanamu mawili, Isafu na Naila, pale pale Maquraishi walipokuwa wakichinja. Watu wakaja juu: hapa huchimbi. Akamwambia Harith asimame amkinge, yeye aendelee. Hakuchimba sana ukaonekana ukuta wa mawe wa kisima cha zamani. Akapiga takbiri.

Waliokuwa wakimzuia sasa wakasema: hiki ni kisima cha baba yetu Ismail, nasi tuna haki, tushirikishe. Nadhani tabia hii mnaijua, haikuanza kwetu. (Kicheko.) Akakataa. Wakakubaliana waende kuamuliwa na kuhani mwanamke wa Bani Saad Hudhaym, njia ya Sham. Kila ukoo ukatoa mtu, msafara ukaondoka.

Njiani, nyikani, maji ya Abdul-Muttalib na wenzake yakaisha. Wakawaomba wale wa upande wa pili. Wakanyimwa, wakaambiwa: nasi tuko jangwani, twachelea yatupate yaliyowapata. Ikafika hadi Abdul-Muttalib akawaambia wenzake kila mmoja ajichimbie kaburi lake maadamu bado ana nguvu, ili anayekufa azikwe na waliobaki, apotee mmoja tu wa mwisho bila kuzikwa. Wakachimba. Wakakaa wanangoja mauti kando ya mashimo yao. Kisha akasema: wallahi, kujitupa mautini namna hii bila kuhangaika ni unyonge, tupandeni, huenda Mungu akatupa maji mahali. Ngamia wake alipoinuka tu, chini ya kwato yake yakachimbuka maji matamu.

Akateremka, akanywa, wenzake wakanywa, wakajaza viriba. Kisha akawaita wale wale waliomnyima: njooni, Mungu ametupa maji, kunyweni na mteke. Wakanywa. Wakamwambia: kesi imekwisha, aliyekupa maji katika nyika hii ndiye aliyekupa Zamzam. Wakarudi Makka bila kumfikia kuhani. Swala wa dhahabu na mapanga vilivyopatikana kisimani vikatiwa katika mlango wa Kaaba. Wanaofundisha sira huwa wanaishikilia hii habari ya dhahabu. Mimi naishikilia ile ya kuwaita waliomnyima, maana kisima kilithibiti mikononi mwake kwa neno lile.

Kuanzia hapo kunywesha mahujaji, siqaya, kukawa ni heshima ya nyumba ya Abdul-Muttalib. Baada yake kukamfikia mwanawe Abbas, ami yake Mtume. Na katika Bukhari mna hadithi mbili juu ya kazi hiyo, laiti zingeandikwa ukutani kila mahali maji yanapogawiwa.

Ya kwanza: Abbas aliomba ruhusa alale Makka zile siku ambazo mahujaji hulala Mina, kwa sababu ya kunywesha watu. Mtume (s.a.w.) akamruhusu. Mtu anasamehewa kulala Mina, katika Hija, kwa ajili ya maji ya watu!

Ya pili: Mtume (s.a.w.) alifika penye maji ya kunywesha mahujaji, akaomba kinywaji. Abbas akamwambia mwanawe Fadhli: nenda kwa mama yako, ulete kinywaji cha kwake kwa ajili ya Mtume wa Mungu. Unaona? Mgeni mheshimiwa asinywe ya hapa. Mtume akasema: "Ninywesheni." Abbas akasema: ewe Mtume wa Mungu, watu hutia mikono yao humu. Akasema tena: "Ninywesheni." Akanywa yale yale waliyokuwa wakinywa watu. Kisha akaenda Zamzam, akawakuta wanateka na kufanya kazi, akawaambia: fanyeni kazi, ninyi mko katika amali njema, lau si kuchelea mtazidiwa na watu, ningeshuka niiweke kamba hapa. Akaashiria bega lake.

Alitamani kuvuta kamba. Akajizuia kwa sababu angevuta ndoo moja tu, watu wangeifanya sehemu ya ibada, kila hujaji angetaka naye avute, na wenye kazi yao wangesukumwa kando. Alitazama msongamano wa watu kabla haujatokea. Mkiwa kule, mkaona mtu anagombania bilauri, anampiga kiwiko mzee ili atangulie kwenye bomba, mkumbukeni aliyetamani kuvuta kamba akaacha.

Nikiacha kutaja fadhila za maji yenyewe mtasema nimewapunja, basi nizipitie upesi. Kifua cha Mtume (s.a.w.) kilioshwa kwa Zamzam usiku wa Miraji. Abu Dharri, alipokuja Makka kuutafuta Uislamu, alikaa kiasi cha siku 30 hana chakula ila Zamzam, akanenepa mpaka tumbo likafanya mikunjo. Mtume akamwambia maji yale yana baraka, nayo ni chakula cha kushibisha. Hiyo iko katika Sahihi ya Muslim. Ile mashuhuri isemayo maji ya Zamzam ni kwa lile yalilonywewa, imo kwa Ibn Majah, na wanachuoni wamejadili sanad yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, lakini wakubwa wao waliifanyia kazi. Ibn Hajar al-Asqalani, mwanachuoni mkubwa wa hadithi, alikunywa akiomba afikie daraja ya Dhahabi, imamu aliyemtangulia, katika hifdhi ya hadithi. Kwa hiyo nieni. Na asiwatishe mtu kwamba pana dua moja tu.

Sasa tuje kwenye kisima kama kisima, kwa sababu nacho kina mwili, na mwili huchoka.

Azraqi, mwanahistoria wa Makka wa karne ya tatu ya Hijria, anaeleza kwamba chini ya Zamzam mna macho matatu ya maji: moja linaelekea nguzo ya Jiwe Jeusi, la pili upande wa Swafa na mlima Abu Qubays, la tatu upande wa Marwa. Na anaeleza kwamba kuna wakati maji yalipungua mno, hata fundi mmoja wa Taif aliyekuwa akifanya kazi humo akasema aliswali chini kabisa, kwenye sakafu ya kisima. Katika miaka ya 223 na 224 ya Hijria wakachimba wakaongeza kina dhiraa tisa. Mwaka uliofuata mvua na mafuriko yakaja, maji yakajaa. Na kabla ya hapo Bi Zubayda, mke wa Harun al-Rashid, alishaona kwamba mji na mahujaji wake hawawezi kutegemea kisima kimoja. Akavuta maji ya chemchemi za mbali kwa mifereji hadi Arafa na Makka, na jina lake likabaki kwenye mifereji hiyo zaidi ya miaka elfu moja.

Karne ya kumi na tisa ilikuwa ngumu. Kipindupindu cha mwaka 1865 kiliua maelfu ya mahujaji, kikasafiri hadi Misri na Ulaya. Mwaka 1881 balozi mdogo wa Uingereza mjini Jeddah alipeleka chupa ya maji ya Zamzam London, na mkemia wa huko akatangaza kwamba yamechafuka vibaya. Waislamu walikasirika, na walikuwa na sababu ya kushuku nia ya dola iliyotaka kuweka mkono katika mambo ya Hija. Lakini na sisi tuseme kweli: kisima kilicho katikati ya mji wenye vyoo vya mashimo, kinachotekwa kwa ndoo na kila mkono, kinaweza kuingiwa na uchafu. Baraka ya maji haimwondolei mtunzaji wajibu wa kusafisha. Mkazi wa mwambao anapaswa kulielewa hili kuliko mtu yeyote. Msikiti mkuu wa Gede kule karibu na Malindi una kisima na birika lake, na wazee wetu walijua kisima cha msikiti hakikai jirani na choo.

Usafishaji mkubwa wa zama zetu ulifanyika mwaka 1979, kwa amri ya Mfalme Khalid, chini ya mhandisi Yahya Koshak. Wakaingiza pampu, wakapunguza maji, wazamiaji wakashuka. Kumbe mle chini mlikuwa na sarafu za zama mbalimbali, vyungu, vitu ambavyo mahujaji wa karne na karne waliangusha au walitupa kwa kutaka baraka. Na walipoufikia ukuta wa chini wakaliona jicho kubwa la maji likitokea upande wa Kaaba, kuelekea nguzo ya Jiwe Jeusi, kama Azraqi alivyoandika zaidi ya miaka elfu moja kabla yao. Habari hiyo mimi sichoki kuisimulia.

Vipimo vyake ni hivi. Kisima kiko kiasi cha mita 20 mashariki ya Kaaba. Kina chake ni kama mita 30. Mita 13 na nusu za juu zimepita kwenye mchanga na changarawe ya Bonde la Ibrahim, sehemu ya chini imechongwa katika mwamba. Upana wake, kutegemea na mahali unapopima, ni kuanzia mita 1.08 hadi 2.66. Maji yanatokana na mvua inayonyesha kwenye bonde lile na milima yake, eneo la kilomita za mraba kama 60, inayopenya ardhini. Ndiyo maana leo kuna kituo maalumu cha utafiti wa Zamzam chini ya idara ya jiolojia ya Saudia, kinachopima kina cha maji wakati wote. Kila jengo refu linalochimbiwa msingi Makka, kila barabara inayowekwa lami, inagusa njia ambayo mvua inapita kwenda kisimani.

Niseme na la WhatsApp, maana najua mmeletewa. Pana ujumbe unaosema kisima kinatoa lita 8,000 kwa sekunde. Chukueni kalamu. Lita 8,000 kwa sekunde ni zaidi ya lita milioni 691 kwa siku. Kiwanda cha Mfalme Abdullah kilichoko Kudai, kilomita chache kutoka Msikitini, kilichofunguliwa mwaka 2010 kwa gharama ya riyali milioni 700, uwezo wake wa kusafisha ni lita milioni 5 kwa siku. Kingehitaji miezi minne na ushei kushughulikia maji ya siku moja! Takwimu wanazotoa wasimamizi ni lita 11 hadi 18.5 kwa sekunde. Hiyo ya juu ni kama lita milioni 1.6 kwa siku, kutoka shimo ambalo mtu mrefu akinyoosha mikono anakaribia kugusa kuta zote mbili, katika bonde lisilo na mto. Kwani hiyo haitoshi kumshangaza muumini mpaka tuongeze sifuri za uongo?

Kisima chenyewe hamtakiona. Nyumba iliyokuwa juu yake iliondolewa mwaka 1963 ili kupanua uwanja wa twawafu, yaani wa kuizunguka Kaaba, watu wakawa wanashuka ngazi kwenda chini. Mwaka 2003 ngazi nazo zikafunikwa. Mtakuwa mnatufu juu yake bila kujua. Maji yanavutwa kwa pampu, yanakwenda Kudai, yanachujwa na kupitishwa kwenye mwanga wa urujuanimno bila kutiwa klorini, yanarudi Msikitini kwa mabomba. Mengine yanapakiwa kwenye malori hadi Msikiti wa Mtume, Madina. Zamani walikuwepo Zamazima, familia zilizorithishana kazi ya kugawa maji katika mitungi ya udongo iliyofukizwa mastaki. Wazee waliohiji enzi hizo wanaikumbuka ile harufu. Siku hizi mtakuta majagi makubwa na bilauri za kutupa. Yapo ya maji baridi na yasiyo baridi. Nyie wenye vifua, mkitoka kutufu mnavuja jasho, chukueni yasiyo baridi. Kikohozi cha Makka mtakipata tu, msikitafute. Na ladha yake ina chumvichumvi kidogo kwa sababu ya madini yaliyomo. Msije mkasema mmepewa ya bomba.

Msitawadhie kwenye majagi ya kunywa. Anayeosha miguu pale anamnyima mwenye kiu nyuma yake.

La mwisho ni la kurudi nayo nyumbani. Saudia hairuhusu Zamzam kusafirishwa nje kibiashara. Kwa hiyo chupa mnayoikuta imepangwa dukani kwa bei, iwe London iwe hapa Tanga, iulizeni imefikaje. Mwaka 2011 BBC ilitangaza kuwa maji yanayouzwa London kwa jina la Zamzam yalikutwa na sumu ya aseniki kupita kiwango. Saudia ikajibu kwamba kisima ni salama na kwamba haijamruhusu mtu kuyauza. Hujaji yeyote hupata chupa ya lita tano ya kiwandani, ndani ya boksi lake. Hiyo ndiyo mtakayokuja nayo. Msiifungie ndani ya sanduku la nguo, itatolewa uwanjani na sanduku litapasuliwa, na mtu atakosa ndege kwa kubishana. Msijaze madumu mitaani. Na mkishafika salama, jamaa ni wengi na lita ni tano, gaweni kwa vikombe vidogo, mkianza na wagonjwa wa mtaa, hata yule jirani ambaye mliposhikwa na shida hakuwafungulia mlango.

Nimeambiwa muda umebaki kidogo kabla ya adhana ya Alasiri. Naona mikono imeshaanza kuinuka huko nyuma. Tuanze na kina mama, halafu tuje upande huu.